Baiskeli na glasi: Dodoma, Soni au njia ya Pangani?

Jioni za Ijumaa pale kwa fundi wetu wa baiskeli Ngamiani, maneno huwa yale yale. Wikendi ndefu inakaribia, baiskeli zipo, hamu ya kutoka ipo, na daima kuna mmoja aliyeona kwenye simu picha za watu wa Ulaya wakipita na baiskeli katikati ya mizabibu, wanashuka, wanaonja mvinyo, wanapanda tena. "Na sisi je?" Sisi ni watu wa Tanga, mji ambao mama anakwenda sokoni kwa baiskeli na mwalimu anakwenda shuleni kwa baiskeli, kwa hiyo nusu ya safari hiyo tunayo tangu utotoni. Kinachotugawa ni nusu ya pili: glasi tukaifuate wapi?

Majibu yanayotolewa ni matatu. Mmoja anasema Dodoma, maana zabibu ndiko ziliko. Mwingine anasema tupande Usambara, tulale Soni, wamisionari wa Sakharani wana mvinyo wao. Wa tatu, mara nyingi yule ambaye mshahara haujaingia, anasema twendeni zetu njia ya Pangani tukanywe mnazi. Nimekwenda kote kwa nyakati tofauti. Nimeona watu wakirudi wamenuna kutoka kila mmoja wa miji hiyo, na kila mara kisa kilikuwa kimoja: walifuata kitu ambacho pale hakipo.

Tunapima kwa nini

La kwanza ni saa. Wikendi ya mfanyakazi wa Tanga inaanza Ijumaa mchana na kuishia Jumapili usiku. Basi likishakula siku ya kwenda na siku ya kurudi, umebakiwa na nini? La pili ni barabara yenyewe, kwa baiskeli uliyo nayo, si ile unayoitamani. La tatu ni kilichomo ndani ya glasi, na kama utaona kinakotoka au utauziwa chupa tu. Halafu malazi, chakula na mfuko. Na la mwisho, ambalo wapangaji wengi hulisahau, ni mwenzenu asiyekunywa. Tanga hii, kwenye kundi la watu sita, wawili au watatu hawagusi kileo. Safari ambayo wao watakaa kwenye benchi kusubiri wengine wamalize si safari ya kundi.

Jambo moja sikuliweka kwenye mizani kwa sababu ni lile lile kote. Asubuhi baiskeli, jioni glasi. Ukishaanza kuonja, baiskeli ifungwe kufuli mpaka kesho yake. Wajuzi wa mvinyo wenyewe huonja kwa kuzungusha kidogo mdomoni na kutema; sisi hatutemi, tuseme ukweli, basi tusiendeshe.

Dodoma

Ni mbali. Kwa kupitia Segera, Chalinze na Morogoro ni karibu kilomita 600, na hiyo ni siku nzima ya kukaa kwenye kiti. Tangu Julai 2024 kuna treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo inaikata safari hiyo kwa saa nne hivi au pungufu, lakini wewe wa Tanga kwanza ufike Dar. Kwa siku mbili, sahau. Dodoma inataka siku nne, yaani sikukuu iliyoangukia Ijumaa au Jumatatu na siku moja ya kuomba ruhusa kazini.

Kuhusu kubeba baiskeli, nisikilizeni mimi niliyekwisha lipa ada. Mara ya kwanza niliitia kwenye buti la basi kama ilivyo, konda akanihakikishia kwa kiapo, na njiani wakaipakilia magunia ya machungwa juu. Nilishuka Dodoma nikakuta kile kipande cha chuma kinachoshika gia ya nyuma kimepinda kuelekea kwenye spoki. Wikendi nzima nikaendesha kwa gia moja kama mpeleka maziwa. Siku hizi navua magurudumu yote mawili, nageuza usukani ulale sambamba na fremu, navua na hiyo gia ya nyuma naifunga ndani ya pembe ya fremu, kisha naviringisha kila kitu kwa kanga kuukuu mbili. Kama hutaki kazi hiyo, kodi huko huko, au ukubali kwenda na baiskeli ya chuma isiyo na kitu cha kupinda.

Barabara za Dodoma si ngumu kwa miguu, ni ngumu kwa koo na kwa tairi. Nchi iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ila miinuko si mikali. Unaona mbele mpaka macho yachoke, mibuyu hapa, mlima wa mawe pale. Njia ninayoipenda ni ile ya Iringa: unatoka mjini kwa lami, unapita Bihawana, ambako wamisionari walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupanda mizabibu, unaendelea hadi Mpunguzi, na mashamba unayakuta pembeni, nguzo na waya, mizabibu imetandazwa kama kamba za kuanikia nguo. Kaskazini kuna Makutupora, penye kituo cha utafiti wa zabibu. Wenye nguvu huenda Hombolo, kwenye bwawa na mashamba makubwa, lakini huko ni mwendo wa siku, na vumbi lake utalikuta masikioni wiki nzima. Upepo wa mchana unavuma kama una deni na wewe. Anza saa kumi na mbili asubuhi, saa nne uwe kivulini.

Na kuna mbigiri. Sisi wa pwani pancha kwetu ni msumari au kipande cha chupa. Dodoma ukitoka tu nje ya lami kupisha lori, vile viiba vya mbigiri vinaingia kwenye tairi saba au nane kwa mpigo, na miiba ya migunga inamalizia. Beba tyubu mbili, viraka na pampu. Na ukiona mwiba, usiuchomoe hapo ulipo kabla hujawa tayari kuziba.

Sasa glasi. Hapa ndipo Dodoma inapolipa zile kilomita. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi. Wa Dodoma hauna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamrisha kwa mkasi: akiupogoa, unachipua upya, na baada ya miezi kama minne anavuna. Ndiyo maana wanavuna mara mbili kwa mwaka, tofauti na wenzao wa Ulaya wanaovuna mara moja. Ukienda kiangazi, Agosti na Septemba, unakuta vichala vimening'inia na njia ni kavu. Mzee mmoja wa Mpunguzi alinichumia zabibu moja, akaiminya kati ya kidole gumba na cha shahada, mbegu zikatoka. "Tazama rangi," akasema. "Zikiwa kijani bado. Zikiwa za kahawia kama hizi, imeiva, hata kama wewe unaiona bado kali." Nilijifunza zaidi pale kuliko kwenye chupa zote nilizokunywa kabla.

Kuna zabibu nyekundu inayoitwa kwa jina la hapo hapo, Makutupora, na kuna Chenin Blanc ya mvinyo mweupe, na Syrah. Mvinyo mkavu wa Makutupora unakausha ulimi, wengi kundini kwetu waliukunjia uso, wakakimbilia dompo, aina ya mvinyo wa Dodoma, tamu na yenye nguvu, ile ambayo kesho yake inakudai kichwani. Lakini usitarajie kila shamba lina meza na glasi zimepangwa. Mashamba mengi ni ya wakulima wadogo wanaouza zabibu viwandani, na kiwanda ni kiwanda, kina geti na mlinzi. Piga simu siku kadhaa kabla, eleza mko wangapi, omba kuoneshwa. Mkifika mkisema "mbukwenyi" kwa Kigogo, nyuso zinafunguka.

Asiyekunywa hapotezi kitu Dodoma. Zabibu zenyewe anakula mpaka achoke, kuna juisi, kuna zabibu kavu za kubeba nyumbani, na shamba ni lake kama lilivyo la wengine. Malazi ni ya kila bei, ndiyo makao makuu ya nchi. Chakula usikose kuonja mlenda na ugali wa uwele, japo mtu wa nazi atahitaji siku mbili kuzoea. Gharama kubwa ni nauli.

Dodoma inamfaa anayetaka kujua mvinyo unatoka wapi, mwenye siku nne, na asiyejali kama baiskeli itakuwa kisingizio tu.

Soni na Lushoto

Kutoka Tanga ni Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, kisha unapinda kulia kuupanda mlima. Mpaka Lushoto ni kama kilomita 165, saa tatu hadi nne kwa basi. Ukitoka Ijumaa saa nane mchana, jioni unakunywa chai Soni huku umevaa sweta. Hilo la sweta si utani. Juni na Julai ukungu unashuka mpaka dirishani, na mtu wa Raskazone aliyezoea kulala na feni anaweza kuumwa mafua usiku wa kwanza.

Kwa baiskeli, hapa ndipo penyewe. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami, na katika hizo unapanda karibu kilomita moja kwenda juu. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Barabara ni nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde ambalo hutaki kulitazama sana. Malori ya kabichi na karoti yanashuka yakiwa yamejaa. Wenye baiskeli za gia wanaipanda asubuhi kwa mapumziko mawili au matatu. Wenye baiskeli nzito za chuma watasukuma, na hakuna aibu. Vijana wa Kisambaa watawapita kwa miguu, wamebeba mzigo kichwani, wakiwasalimu.

Lakini watu huogopa kupanda, wakati hatari iko kwenye kushuka. Mwaka niliokwenda kwa mara ya kwanza, nikirudi Jumapili kutoka Soni kuelekea Mombo, niliminya breki mfululizo kwa woga. Kona ya nne au ya tano nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikasimama, nikagusa ringi ya mbele kwa kidole, nikakitoa upesi: imekuwa ya moto kama sufuria. Mpira wa breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinachungulia. Nilishuka kilomita zilizobaki kwa miguu, naikokota. Kabla hujapanda mlima, badilisha mipira ya breki yote minne, beba mingine miwili, na ukishuka minya uachie, minya uachie, mbele na nyuma kwa zamu, usikae juu ya breki moja.

Mvinyo wa huku unatoka Sakharani, misheni ya Wabenediktini iliyo kilomita chache za vumbi kutoka Soni. Jina hilo kwa mtu wa Tanga lina kisa. Sakarani lilikuwa jina la utani la ofisa wa Kijerumani, Tom von Prince, aliyekuwa na shamba huku Usambara, na aliyeuawa kwetu mjini Tanga kwenye mapigano ya Novemba 1914. Leo jina lake limebaki kwenye mlima wenye watawa, mvinyo na makadamia. Si nchi ya mvinyo kama Dodoma; utapata mvinyo wa hapo hapo, utanunua chupa, utakaa nje jioni ukitazama miti ikipotelea ukunguni. Glasi mbili, watu wawili wanazungumza kwa sauti ya chini, basi. Anayetaka kulinganisha aina nne za zabibu atasikitika. Na ni nyumba ya watawa, kwa hiyo kelele na muziki wa spika ya mkononi hapana. Chumba na chupa, uliza kwa simu kabla hujaondoka Tanga.

Ila kuonja huku si mvinyo peke yake, na hapa ndipo asiyekunywa anapotawala. Soni sokoni, msimu ukiwa wake, kuna peasi na plamu za bei ya kuchekesha. Masista wa Ubiri, kabla hujaingia Lushoto, wana jibini na jamu zao. Irente, kilomita tano hivi kutoka mjini, kuna shamba la kanisa la Kilutheri linalouza jibini, mkate na jamu, ukishakula unatembea hadi ukingoni kuitazama tambarare ya Mombo ikiwa chini yako kama ramani. Mwenzetu mmoja, Mwislamu wa swala tano, husema hii ndiyo safari pekee ambayo yeye huonja vitu vingi kuliko sisi.

Epuka Machi hadi Mei; njia za vumbi zinageuka utelezi na mlima wenyewe huwa unamwaga udongo barabarani. Gharama ni za katikati, za misheni zikiwa na unafuu.

Inawafaa wapanda baiskeli wa kweli, wanandoa, na kundi lililochanganyika wanywaji na wasiokunywa. Haimfai mwenye magoti mabovu, wala mwenye baiskeli ambayo breki yake ni kandambili.

Njia ya Pangani

Hii haina kufika, maana unaanzia mlangoni kwako. Kilomita kama 50 kwenda kusini, tambarare, njia ambayo imekuwa ikijengwa kwa lami na hivyo uwe tayari kwa vumbi na mchepuko hapa na pale. Baiskeli yoyote inafaa, hata ile ya babu yenye karia. Unapita Tongoni, kilomita kama 17 kutoka mjini, penye magofu ya msikiti na makaburi ya karne nyingi. Miamba ya baharini mbele yake ndiyo iliyoinasa meli ya Vasco da Gama, São Rafael, mwaka 1498, na mwaka uliofuata wakaichoma moto huku huku. Kigombe unapata samaki. Kisha mkonge na minazi mpaka Pangani, ambako mkonge wa nchi hii ulianzia: mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikokwe.

Kinywaji ni tembo la mnazi, na sheria yake ni kinyume cha mvinyo. Mvinyo unaufunga kwa kizibo ukae. Tembo halingoji. Mgema anapanda alfajiri na jioni, kotama kiunoni, anachana ncha ya karara iliyofungwa, maji yanadondoka ndani ya kibuyu, na hapo hapo yanaanza kuchacha yenyewe bila kutiwa chochote. Asubuhi ni tamu kama maji ya dafu yaliyoongezwa sukari. Mchana linachemka mapovu. Jioni ni kali. Kesho kutwa ni siki, na wapishi wetu wanajua la kufanya nayo. Kwa hiyo huwezi kupeleka chupa kwa rafiki wa Arusha. Anayetaka kulionja aje mwenyewe. Na linywewe kwa mtu anayejulikana, chini ya mti alikogema, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku hizi wapo wanaotia mengine.

Ukiuliza mvinyo wa zabibu, utapata wa dukani tu. Asiyekunywa ana madafu njia nzima. Malazi Pangani ni nyumba za wageni za kawaida na za ufukweni za bei juu. Chakula ni samaki wa kupaka na wali wa nazi, sina la kuongeza.

Inamfaa anayeanza, mwenye watoto, mwenye wikendi ya kawaida, na asiyetaka kumwomba ruhusa mtu yeyote.

Ukiwa na hali hii, fanya hivi

Una siku mbili tu na baiskeli ya kawaida: Pangani. Usijidanganye kwamba utaipanda Mombo kwa baiskeli ya gia moja kisha uwe na nguvu ya kuonja kitu.

Una siku tatu, breki nzima na miguu: Soni. Lala usiku wa kwanza Mombo au Korogwe ili upande asubuhi kabla ya jua, au panda na basi na uendeshe huko huko juu kati ya Soni, Lushoto na Irente. Njia hiyo ya pili inawafaa zaidi wenye kundi la uwezo tofauti.

Mnataka mvinyo hasa, kuona mzabibu, kumuuliza mkulima, kulinganisha mkavu na mtamu: Dodoma, siku nne, Agosti au Septemba, na simu ya kiwandani ipigwe kabla ya tiketi ya basi kukatwa. Kama baiskeli inaleta taabu, iacheni. Nimeona watu wakikodi bajaji huko mashambani na wakafurahi vile vile.

Mnasherehekea ndoa au mwaka wa ndoa: kama bibi harusi anapenda kimya, Soni. Kama anapenda hoteli yenye maji ya moto na mji wa kuzunguka usiku, Dodoma. Kama anapenda bahari na mko na bajeti ya karamu iliyokwisha, mnaijua njia.

Wengi wenu hawanywi: Soni kwanza, Pangani pili. Dodoma nayo inawafaa wakati wa mavuno. Nje ya mavuno watatazama waya na nguzo.

Ni masika: bakini mjini, au mwende Pangani siku ya jua likichomoza.

Kundi letu sasa hivi tuko sita, wawili hawanywi, mmoja ana baiskeli ya babu, na sikukuu imeangukia Jumatatu. Tumekubaliana Soni, baiskeli ya babu itapanda mlima juu ya basi. Jana nilimwachia fundi baiskeli yangu, nikamwambia mipira minne mipya na miwili ya akiba. Akaniuliza, "Umeshaanza kuogopa?" Nikamwonesha kidole.